"Bunduki ilijifyatua" wakati wa kusafisha: inawezekanaje kiufundi?

Karatasi_Nyeupe:

Wakuu, habari zenu. Kila inaposikika mtu kapigwa risasi na ndugu yake nyumbani, au na mwenzake kwenye uwindaji, maelezo huwa yaleyale: alijua haina risasi, alikuwa anasafisha, ikajifyatua. Naomba wenye ujuzi wa silaha mnifafanulie mambo matatu. Bastola ikishachomolewa magazini, risasi inayoua inatoka wapi? Kuna bunduki inayoweza kulia bila kifyatulio kuguswa, au huo ni utetezi tu? Na wanaopiga hewani kwenye sherehe, risasi ile inaishia wapi na inashuka na nguvu kiasi gani? Nahitaji maelezo ya kiufundi kuliko lawama.

Fundi_Chemba:

Mkuu, nianze na la kwanza. Magazini ni ghala tu. Risasi inayopigwa ni ile iliyokwisha kuingia kwenye chemba, kule nyuma ya mtutu, na kuchomoa magazini hakuigusi hata kidogo. Bastola chache zina kizuizi kinachofunga kifyatulio magazini ikiwa nje. Nyingi hazina. Basi bastola isiyo na magazini inaweza kuwa na risasi moja ndani, na moja inatosha.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye mpangilio. Mtu anavuta slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele) kwanza, risasi inaruka nje, anaridhika, halafu ndipo anachomoa magazini. Hajui kwamba slaidi iliporudi mbele ilikokota risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuisukuma chemba. Sasa anayo risasi aliyoiona ikianguka sakafuni, na nyingine ambayo hakuiona. Kisha anabonyeza kifyatulio, ama kwa "kuhakikisha", ama kwa sababu bastola yenyewe, kama Glock, haifunguki mpaka kifyatulio kibonyezwe kwanza. Hapo inalia, na mkono wake wa pili mara nyingi uko mbele ya mtutu.

Fanya hivi. Elekeza mdomo wa mtutu mahali ambapo risasi ikitoka itazama bila kumgusa mtu: pipa la mchanga, tuta la udongo. Ukuta wa chumba hautoshi, risasi ya 9 mm inapenya mbao na jasi na kwenda chumba cha pili. Kidole kinyooke ubavuni mwa bunduki, nje kabisa ya kikingio cha kifyatulio. Chomoa magazini, iweke mbali. Sasa ndipo uvute slaidi mpaka mwisho, mara mbili au tatu, kisha uifunge ikiwa nyuma. Tazama ndani ya chemba kwenye mwanga, halafu ingiza ncha ya kidole kidogo uipapase. Kupapasa kuna sababu yake: kile kikucha cha chuma kinachong'oa ganda kinaweza kuwa kimevunjika au kimejaa masizi, kwa hiyo slaidi inakwenda na kurudi vizuri, hakuna kinachotoka, nawe unaamini hamkuwa na kitu. Mwisho, risasi zote zitoke kwenye chumba hicho kabla ya kitambaa na mafuta kuingia.

Kila aina ina mtego wake. Rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, fungua silinda, sukuma fimbo ya kutolea maganda, kisha hesabu matundu matupu moja moja. Shotgani ya kupampu hubakiza risasi ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, na nyingine inaweza kuwa imekaa juu ya kile kisahani kinachoinua risasi kwenda chemba. Ingiza kidole upapase sehemu zote mbili. Kwenye AK, wenzo wa sefti (kizuizi cha usalama) ukiwa juu unauzuia mkono wa kukokia usirudi nyuma hadi mwisho, kwa hiyo huwezi kuitoa risasi chemba bila kwanza kuondoa sefti. Yaani wakati ule ule unaojaribu kuifanya salama, kinga ya chuma haipo, umebaki na mwelekeo wa mtutu na kidole chako.

Mdomo_Chini:

Nashukia swali la pili. Ndiyo, zipo zinazolia bila kifyatulio kuguswa, ila ni za aina zinazofahamika.

Rivolva za zamani za mtindo wa Colt ya mwaka 1873 zina nyundo ambayo, ikiwa imelala, ncha yake inagusa fataki ya risasi, kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti. Ikidondoka na nyundo ikagonga sakafu, inalia. Ndiyo maana zilibebwa na risasi 5 badala ya 6, nyundo ikilalia tundu tupu. Bunduki ndogo za rashasha za Vita Kuu ya Pili kama Sten ni hatari zaidi: zinapiga kwa bolti, chuma kinachofunga nyuma ya chemba, kuruka mbele, hivyo zikianguka na kitako chini, bolti inaweza kurudi nyuma kwa uzito wake, ikarudi mbele na risasi, ikapiga. Bunduki ya SKS iliyohifadhiwa kwenye grisi nzito bila kusafishwa vizuri, pini yake inayogonga fataki inaweza kuganda ikiwa imetokeza mbele. Bolti ikifunga tu, fataki inapigwa. Na gobole lenye fataki kwenye chuchu yake linalia nyundo ikigongwa na chochote.

Bastola nyingi za kisasa zina kizuizi ndani kinachoishika pini mpaka kifyatulio kivutwe. Hizi zikidondoka katika hali nzuri haziwaki. Kinachowasha ni mkono wa anayetaka kuidaka hewani, kidole kikatumbukia kwenye kifyatulio. Bunduki ikikuponyoka, iache ianguke.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Kifyatulio cha bastola ya kawaida kinahitaji nguvu ya kilo 2 hadi 3 hivi. Mtu akishtuliwa, akijikwaa, au akikaza mkono wa pili kushika kitu kwa nguvu, vidole vya mkono wenye bunduki hujikunja pamoja bila yeye kuamua, na nguvu hiyo inapita kilo 3 kwa urahisi. Kwa hiyo mtu anaposema "sikubonyeza", huenda anasema kweli anavyojua yeye. Hakuamua kubonyeza. Lakini kidole kilikuwa ndani ya kikingio, na kukiweka humo ndiko kulikokuwa uamuzi.

Karatasi_Nyeupe:

Asanteni sana, hili la mpangilio wa magazini na slaidi sikulijua. Na kama mwenzako mwenye uzoefu amekukabidhi, akasema "nimeshaangalia, haina kitu", bado unarudia kuangalia mbele yake? Haitakuwa kumvunjia heshima?

Fundi_Chemba:

Unarudia, mbele yake, na yeye akiwa mzoefu kweli atakusubiri umalize. Desturi nzuri ni anayekabidhi aifungue kwanza, chemba ikiwa wazi, ndipo anyooshe mkono.

Tarehe 21 Oktoba 2021, kwenye utengenezaji wa filamu huko New Mexico, Marekani, mwigizaji Alec Baldwin alipewa rivolva huku ikitangazwa kuwa salama. Ndani yake mlikuwa na risasi halisi. Ilimuua mpigapicha Halyna Hutchins, ikapita, ikamjeruhi mwongozaji Joel Souza aliyekuwa nyuma yake. Risasi moja, watu wawili. Msimamizi wa silaha alitiwa hatiani mwaka 2024 kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa miezi 18. Bunduki ile ilipita mikononi mwa watu kadhaa, kila mmoja akimtegemea aliyemtangulia. Kuitazama mwenyewe kunachukua sekunde 10.

Na msidharau risasi za sauti, zile zisizo na kichwa. Mwigizaji Jon-Erik Hexum alijiwekea rivolva ya aina hiyo kichwani kwa mzaha mwaka 1984. Nguvu ya mlipuko ilivunja fuvu, akafariki siku chache baadaye.

Tuta_la_Udongo:

La tatu nalichukua mimi, maana watu hulichukulia kwa wepesi mno.

Risasi ya 9 mm inatoka mtutuni kwa mita 350 hivi kwa sekunde, ya AK kwa zaidi ya 700. Ikipigwa juu wima kabisa, inapanda, inasimama, inashuka kwa uzito wake huku hewa ikiizuia. Julian Hatcher, afisa wa jeshi la Marekani, alilipima hili baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akapata kwamba risasi ya bunduki ya kijeshi inashuka kwa mita 90 hivi kwa sekunde. Ngozi ya binadamu inaweza kupenywa kwa mita 60 hivi kwa sekunde. Huo ndio ushukaji wa polepole. Kiuhalisia hakuna anayepiga wima kwenye sherehe, mkono unainama. Risasi iliyopigwa kwa mshazari hufuata upinde, ncha ikiwa mbele, na inatua na kasi kubwa kuliko hiyo. Usiku wa kuamkia 2004 huko Puerto Rico, watu 19 walijeruhiwa kwa risasi za kusherehekea, mmoja akafa.

Na inafika mbali. Ile ndogo ya .22 ambayo watu huiona ya kuchezea inaweza kwenda karibu kilomita 2. Ya AK inafika kilomita 3, ingawa shabaha ya maana ni mita 400 hivi. Gololi ndogo za shotgani ya ndege huishia mita 200 na kitu. Basi kabla ya kupiga mnyama aliyesimama juu ya kilima na anga nyuma yake, jiulize kilicho upande wa pili. Kama huoni udongo nyuma ya shabaha, usipige. Maji na mwamba havihesabiki kuwa kinga: risasi inayovigonga kwa pembe ndogo huruka tena, na hujui itaelekea wapi.

Wawindaji wa ndege wana kosa lao la pekee, kuzungusha mtutu wakimfuata ndege mpaka wanavuka mstari wa wenzao. Ndivyo Dick Cheney, akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, alivyompiga mwenzake Harry Whittington mwezi Februari 2006 huko Texas. Aligeuka akimfuata kware, jua likiwa chini, na mwenzake alikuwa amesogea bila yeye kujua. Kila mmoja awe na eneo lake la kupigia lililokubaliwa kabla ya kuanza, na anayehama apaze sauti kwanza.

Fundi_Chemba:

Niongezee la risasi inayokataa. Ukibonyeza ikasikika "tak" tu, usifungue. Acha mtutu ulipoelekea, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe. Fataki inaweza kuchelewa kuwasha baruti, na ikiwaka chemba ikiwa wazi, ganda linapasukia usoni kwako.

Hatari zaidi ni ile inayolia kwa sauti dhaifu na kusukuma kidogo. Hapo simama kabisa. Huenda kichwa cha risasi kimekwama katikati ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unapasuka. Fungua, toa kila kitu, pitisha ufito uone kama njia iko wazi. Hicho ndicho kilichomuua mwigizaji Brandon Lee mwaka 1993: kichwa cha risasi kilikuwa kimebaki mtutuni bila kugunduliwa, kisha ikapigwa ya sauti nyuma yake, ikakisukuma nje kama risasi kamili.

Wenye shotgani, msichanganye geji (kipimo cha upana wa mtutu) mfukoni. Risasi ya geji 20 ni nyembamba kuliko ya 12. Ikiwekwa kwenye mtutu wa 12 inateleza na kukwama mbele ya chemba. Unatazama, unaona chemba tupu, unaweka ya 12, unapiga. Mtutu unapasuka pale pale mkono wa kushoto ulipo. Ganda la 20 hutengenezwa la manjano kwa ajili hiyo.

Karatasi_Nyeupe:

La mwisho wakuu. Imeshatokea, mtu kapigwa. Dakika za mwanzo afanye nini? Na kisheria "sikukusudia" inamsaidia?

Bandeji_na_Sheria:

Kwanza bunduki iwekwe chini, ikielekea pasipo na mtu, ili isipatikane majeruhi wa pili. Mmoja aite msaada, mwingine ashughulikie damu. Mshipa mkubwa ukikatika, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, kwa hiyo msianze kutafuta gari kabla ya kuzuia damu.

Chana nguo uone tundu la kuingilia, na utafute la kutokea. Likiwa mkononi au mguuni na damu inaruka, funga kamba pana, sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha kuelekea kiwiliwili, isikae kwenye goti lenyewe wala kiwiko. Ingiza kijiti, zungusha mpaka damu ikome. Itauma sana, na ikiwa haiumi huenda haijakaza. Andika saa uliyoifunga, usiilegeze mpaka afike kwa daktari. Jeraha likiwa kinenani au kwapani, kamba haishiki: sokomeza kitambaa safi ndani ya tundu mpaka lijae, kandamiza kwa mikono miwili bila kuachia. Tundu la kifuani lifunike kwa kiganja au plastiki. Akizidi kukosa pumzi baada ya kulifunika, inua kidogo hewa itoke. Usimpe kinywaji, na usijaribu kuitoa risasi.

Kisheria, katika nchi nyingi kutokukusudia kunaiondoa kesi ya mauaji ya kukusudia tu. Inabaki ya kuua bila kukusudia, au kujeruhi kwa uzembe, na mahakama inatazama yale mliyoyajadili hapo juu: mtutu ulielekea wapi, kidole kilikuwa wapi, chemba ilikaguliwa au la. Leseni inaweza kufutwa, na familia ya aliyeumia bado inaweza kudai fidia kando. Kwa hiyo usiguse tena bunduki wala maganda, usipange hadithi na wenzako. Eleza mwendo wa tukio ulivyokuwa, ukiwa na wakili.