Nafunga huku nawapikia wengine: mfungo wangu una faida?

MamaWawili: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni ushauri, pale kanisani naona aibu kuuliza.

Mimi ni mama ntilie. Tuko kwenye mfungo wa siku 21, leo ni ya tisa. Nafunga tangu alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni, naombea mume wangu apate kazi. Sinywi hata maji. Saa kumi alfajiri nawasha mkaa, ikifika saa sita mchana wateja wamejaa, harufu ya maharage ya nazi iko puani, kichwa kinagonga. Jana nilimfokea binti anayenisaidia mbele za watu kwa sababu ya wali kuungua. Akalia. Usiku nikapiga magoti, maneno hayakuja, nikasinzia palepale.

Mfungo wa hivi Mungu anaupokea kweli? Na nikionja chumvi ya mboga, nimeshafungua?

Shujaa_wa_Maombi: Kaza dada! Adui hapendi ufunge. Ongeza siku tatu kavu kama Esta, Mungu lazima ajibu.

MzeeKatekista: Kijana wangu, hapo kwenye "lazima" tusimame kidogo. Esta mwenyewe aliyeitisha mfungo ule alisema akiangamia, na aangamie. Hakumpangia Mungu. Daudi naye alifunga akimlilia mtoto wake mgonjwa, na siku ya saba mtoto akafa. Someni 2 Samweli 12: aliinuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu, ndipo akaomba chakula. Ombi halikujibiwa alivyotaka, lakini bado alijua pa kwenda. Mimi nilimzika mwanangu baada ya kumfungia, kwa hiyo sisemi haya kwa kusoma tu.

Binti yangu, mwombee mumeo bila kuchoka, ila njaa yako si malipo ya kununulia kazi. Sasa fungua Isaya 58. Watu walinung'unika kwamba wamefunga na Mungu haangalii. Wakajibiwa kwamba siku hiyohiyo ya kufunga wanawalemea wafanyakazi wao. Halafu mstari wa 7 unasema mkate wako umgawie mwenye njaa. Ile sahani yako ya mchana usiyoila ina mtu wake. Usiirudishe kwenye hesabu ya mauzo.

Na yule binti, mwombe radhi. Ulimfokea mbele za watu, basi msamaha nao uwe mbele za watu.

NesiZamu: Dada, acha kufunga kavu ukiwa kwenye moto kutwa nzima. Maji yanapungua mwilini, kichwa lazima kiume na hasira zije. Kama ulizoea chai ya rangi au kahawa kila asubuhi, kuiacha ghafla nako huleta kichwa. Kunywa maji. Ukiwa mjamzito, unanyonyesha, una kisukari au vidonda vya tumbo, muone daktari kabla ya kuendelea. Jioni anza na uji mwepesi au tunda, ugali na nyama baadaye.

Hata Danieli kwenye zile wiki tatu za sura ya 10 aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Haikuandikwa kwamba hakula kabisa.

Parokiani: Kwetu Wakatoliki Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tunafunga wenye miaka 18 hadi 59, mlo mmoja kamili na viwili vidogo, na wagonjwa hawabanwi. Chumvi mwachie binti aonje, utulie.

MamaWawili: Mrejesho. Mzee, pole sana kwa mwanao, na asante. Leo nimekunywa maji. Nimemwomba radhi binti wakati wateja wakiwa mezani, akacheka akafunika uso na kanga. Sahani yangu nimempa kaka mmoja anayebeba mizigo hapo stendi. Siku zote alikuwa ananunua maandazi mawili tu, sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Usiku nimeomba dakika kumi hivi. Kazi ya mume bado. Naendelea.