Osileta ya megahezi 10 inayopotoka kila jioni: mkosaji ni nani?

Fundi wa Kadutu (Bukavu) anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu wote, kisha naomba msaada wa mawazo kwa jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki tatu sasa.

Kazi yangu ni kutengeneza redio na vikuza sauti, na kwa kujifurahisha tu nimejiundia kihesabu cha masafa, yaani kifaa kinachohesabu mizunguko ya umeme kwa sekunde. Moyo wake ni osileta (saketi inayotoa mizunguko ya umeme kwa mwendo uleule) ya kwatzi ya megahezi 10, yaani mizunguko milioni 10 kwa sekunde, ya aina ile yenye tanuri ndogo, yaani fuwele imefungiwa ndani ya kopo la chuma linalopashwa moto na kushikiliwa kwenye joto moja ili baridi na joto la nje visiisumbue. Niliipata sokoni Kadutu katika rundo la kadi za elektroniki zilizong'olewa kwenye mitambo ya minara ya simu, na muuzaji aliipima bei kwa uzito wake, kama chuma chakavu.

Upande wa pili nina moduli ya GPS, antena yake iko juu ya bati, nayo hutoa pigo moja kila sekunde. Kihesabu huanza kuhesabu kwenye pigo moja na kusimama baada ya sekunde 100, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ninayoiona ni sehemu moja ya mia ya hezi, ambayo kwa megahezi 10 ni sawa na sehemu moja katika bilioni.

Tatizo ni hili. Saa ninaziandika kwa UTC, saa ya kimataifa, kwa sababu nchi yetu peke yake ina saa mbili, ya Kinshasa na ya huku mashariki, na tena mmoja akisema saa kumi na mbili anamaanisha magharibi na mwingine adhuhuri. Anayetaka saa ya Bukavu aongeze mbili. Tangu usiku wa manane hadi alasiri osileta inasoma 10,000,000.00, pengine na sehemu moja ya mia juu au chini. Ikifika 16:00 inaanza kushuka polepole, na karibu na 18:00 ninasoma 9,999,999.93. Hukaa hapo, kisha hupanda, na ikifika 20:30 imerudi mahali pake kana kwamba hakuna lililotokea. Jambo hili hutokea kila siku, isipokuwa siku ambazo umeme umekatika jioni, ambapo osileta huzimika kabisa na sina cha kupima.

Kihesabu na GPS vinatumia betri ya sola. Osileta peke yake inatumia umeme wa ukutani kupitia transfoma ya volti 15 na kidhibiti cha 7812, kinachotoa volti 12, kwa sababu tanuri lake lina njaa na lingeimaliza betri yangu kabla ya asubuhi. Nimeifunika kwa blanketi ndani ya kopo la biskuti, bila mabadiliko yoyote. Je, kosa ni la osileta, la GPS, au la kihesabu? Na je, ninunue osileta ya rubidi, inayoongozwa na atomi badala ya fuwele, ambayo rafiki mmoja anasema itamaliza maneno?

Mwalimu wa Fizikia (Lubumbashi):

Kaka Fundi, hongera kwa kuandika saa na tarakimu, maana wengi huandika tu kwamba "inayumbayumba" na kutuachia kazi ya kubuni.

Nilipoona neno "jioni", mawazo yangu yalikwenda kwanza kwa GPS. Ikweta ya sumaku barani Afrika inapita kaskazini mwa ikweta tunayoijua, ikikatiza Ethiopia na Chad, na ionosfera, lile tabaka la juu angani lenye chaji za umeme, hunenepa katika mikanda miwili iliyo karibu na nyuzi 15 kila upande wa mstari huo. Kivu haiko mbali na mkanda wa kusini, na baada ya jua kutua tabaka hilo huchafuka, likachelewesha mawimbi ya setilaiti na mara nyingine kuyavuruga hata moduli ikapoteza baadhi ya setilaiti.

Lakini tuhesabu kabla ya kuhukumu. Umepoteza hezi 0.07 katika milioni 10, yaani sehemu saba katika bilioni. Kama osileta ingekuwa imetulia na pigo la GPS ndilo linalodanganya, basi kwa kudanganya kiasi hicho kwa saa mbili, ambazo ni sekunde 7,200, pigo lingekuwa limehama kwa mikrosekunde 50. Ionosfera ya jioni mbaya huchelewesha kwa makumi ya nanosekunde, tuseme hata mia kadhaa ukitaka kuikomesha kwa lawama. Bado ni zaidi ya mara mia pungufu. GPS haina hatia. Moduli ikipoteza setilaiti zote inaweza kuendelea kutoa mapigo kwa fuwele yake ya bei rahisi, lakini hapo ungeona miruko mikubwa na ya ghafla, wala si mteremko laini unaorudia saa zilezile.

Kihesabu nacho nakiachilia. Kwa sekunde 100, hezi 0.07 ni mizunguko saba kati ya bilioni moja. Kihesabu kinachoruka mizunguko huruka leo mitatu na kesho mia nne; hakina adabu ya kuruka saba kila jioni.

Kwa hiyo iliyobaki ni osileta, au kile kinachoilisha. Naomba vipimo viwili vya saa 18:00: volti za soketi ya ukutani, na volti za kutoka kwenye 7812, zikiwa na tarakimu mbili baada ya nukta.

Mpenda Rubidi (Lubumbashi):

Mimi nasema nunua rubidi, uachane na matanuri ya kwatzi. Atomi hazizeeki: rubidi hugeuka kwenye masafa ya 6,834,682,610 na ushei, leo kama jana. Yangu niliitoa kwenye mtambo wa simu uliostaafu na sijajuta. Ndoto yangu ni siku moja kuibeba hadi kileleni Nyiragongo ili nione kwa macho yangu saa ikienda mbio zaidi juu ya mlima, kama wanafizikia wanavyosema.

Mzee wa Mawimbi Mafupi (Goma):

Mwanangu Fundi, mwalimu amekuelekeza vizuri, nami naongeza lililonipata.

Miaka mingi iliyopita niliunda redio ya mawimbi mafupi ambayo ilihama stesheni kila jioni. Nilibadilisha kapasita, nikabadilisha koili, nikalaumu hadi upepo wa ziwa. Mke wangu ndiye aliyeona kwamba redio inahama wakati uleule taa inapofifia. Majirani walikuwa wamewasha resho zao za umeme kupika ugali na sombe, na volti za mtaa zikazama.

Tazama hesabu ya transfoma yako. Kwa volti 220, sekondari (upande wa kutoa) ya volti 15 hukupa kilele cha volti 21 hivi, toa 1.4 za daraja la diodi, zinabaki karibu 20, na 7812 inashiba. Sasa ukuta ukishuka hadi 165, kilele kinakuwa 15.9, ukitoa diodi unabaki na 14.5, na katikati ya vilele kapasita inajimwaga hadi 13.5 au chini yake. Kidhibiti hicho kinataka takribani volti mbili juu ya kile kinachotoa, yaani 14. Kwa hiyo mara mia kwa sekunde kinakosa pumzi kwa kitambo kidogo, na mita yako, ambayo husoma wastani, itaonyesha volti 11.9 nawe utasema ni 12 tu, hakuna shida.

Swali langu kubwa ni hili: potenshiometa, yaani kile kizuizi cha kupindua kinachotoa volti za kurekebisha masafa ya osileta, inapata umeme wake wapi? Kama inakula kwenye hizo 12, basi kila kidhibiti kinapoyumba, osileta inaambiwa kwa heshima zote ihame, nayo inatii. Pindua potenshiometa kidogo mchana wakati mambo yametulia, uone miliivolti 10 zinahamisha masafa kwa kiasi gani. Angalia pia waya wa masi, ule wa kurudishia umeme: kama mkondo wa tanuri na volti za kurekebisha vinarudi kwenye waya mmoja mwembamba, tanuri likiongeza ulaji wake, miliivolti moja au mbili zitajipenyeza humo. Na usigeuzegeuze lile kopo la biskuti katikati ya vipimo, kwa sababu fuwele huhisi uzito wake wenyewe, na kuipindua juu chini pekee kunaweza kuihamisha kwa sehemu moja au mbili katika bilioni.

Kuhusu rubidi, ndugu wa Lubumbashi, atomi hazizeeki lakini taa iliyo ndani ya kifaa huzeeka, na ile ya mitumba hatujui imewaka miaka mingapi. Tena ina njaa kuliko tanuri la Fundi, na ukiilisha kwa umeme uleule wa jioni utapata matatizo yaleyale kwa bei ya juu zaidi. Na Nyiragongo usijisumbue. Kutoka mjini hadi kileleni ni kupanda kilomita mbili hivi, na kilomita mbili huongeza mwendo wa saa kwa sehemu mbili katika trilioni kumi, yaani nanosekunde 19 kwa siku nzima. Rubidi yako itahama zaidi ya hapo kwa baridi tu ya huko juu. Wanaofanya jaribio hilo hubeba saa za sizi, ambazo ni saa za atomi zilizotulia kuliko rubidi, zaidi ya moja, na betri za kuzilisha njia nzima.

Mpenda Rubidi (Lubumbashi):

Mzee, nimekubali kuhusu mlima. Kuhusu taa bado tutabishana.

Fundi wa Kadutu (Bukavu):

Mzee, Mwalimu, nimerudi na vipimo vya siku nne.

Soketi ya ukutani saa 18:00 ilisoma volti 163. Saa 10:00 ilikuwa 214. Kidhibiti kilitoa 12.02 asubuhi na 11.93 jioni, na ninakiri kwamba kama Mwalimu hangedai tarakimu mbili, ningeandika 12 katika daftari na kulala. Potenshiometa inakula kwenye hizo 12, kama Mzee alivyoshuku, nayo inatoa volti 2.31 asubuhi. Jioni inatoa 2.293. Kisha nikafanya jaribio la mchana: miliivolti 10 zinahamisha masafa kwa hezi 0.04. Pungufu la jioni ni miliivolti 17, na 17 kwa kiwango hicho ni hezi 0.068. Niliandika hesabu hii kwenye kipande cha katoni, nikaitazama kwa muda mrefu, nikacheka peke yangu.

Niligundua pia kwamba osileta ina mguu ambao sikuwa nimeuunganisha, unaotoa volti 5 zilizotulia kutoka ndani ya kopo lenyewe. Nimehamishia potenshiometa huko, na masi yake nimeilehemu moja kwa moja kwenye mguu wa osileta badala ya kuipeleka mbali kwenye kapasita kubwa ya daraja. Jioni ya jana, soketi ikiwa 160, usomaji wa chini kabisa ulikuwa 9,999,999.99.

Mwalimu wa Fizikia (Lubumbashi):

Kaka, kazi safi. Hiyo sehemu moja ya mia iliyobaki usiifukuze kwa kipimo cha sekunde 100, kwa sababu ndiyo tarakimu yako ya mwisho, na kihesabu cha aina hii kinaweza kukosea mzunguko mmoja bila kosa la mtu. Acha kihesabu kihesabu kwa sekunde 1,000. Pigo la moduli za kawaida huchezacheza kwa makumi ya nanosekunde, na kasoro hiyo ikigawanywa kwa sekunde 1,000 inakuwa sehemu chache tu katika bilioni mia, kwa hiyo utaona tarakimu moja zaidi na itakuwa ya kweli. Andika pia volti za soketi pembeni ya kila usomaji, kwa sababu kidhibiti bado kinakosa pumzi, na tanuri lenyewe huenda linalalamika kidogo hata kama potenshiometa imeponywa.

Jambo jingine utakaloliona baada ya wiki kadhaa ni mteremko au mpando mdogo usiojali saa wala volti. Huo ni uzee wa fuwele, nao huwa mkubwa zaidi katika siku za kwanza baada ya osileta kukaa imezimwa muda mrefu. Kila umeme unapokatika unairudisha nyuma, ndiyo maana ningeona heri tanuri lipewe betri yake.

Mzee wa Mawimbi Mafupi (Goma):

Betri mbili za volti 12 zikifuatana, kisha 7812 ileile, ikiwa na bamba zito la alumini la kuipoza kwa sababu itakuwa inatupa zaidi ya nusu ya volti kama joto. Bamba hilo liwe nje ya kopo la biskuti, si ndani. Niliwahi kuona la ndani.

Fundi wa Kadutu (Bukavu):

Lilikuwa ndani, Mzee. Nimelitoa asubuhi hii. Betri ya pili naitafuta Jumamosi, na vipimo vya sekunde 1,000 vimeanza saa 05:00 UTC.