Vikasuku vya kichwa cha chungwa huku Kisesa, ni vya kwetu au vimetoroka kwa mtu?

mzee_wa_mtama: Wakuu habari za humu. Kuna vikasuku vidogo vinakuja kundi zima asubuhi, makelele matupu, vinaushambulia mtama wangu. Mgongo kijani, kichwa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, jicho limezungukwa na duara jeupe. Jirani anasema vilitoroka kwa tajiri mmoja mjini. Kweli? Na nikikamata viwili nikafuga vitaongea?

Ngosha wa Igoma: Jirani kakupiga kamba. Hao ni lavubedi (lovebird, aina ya kasuku wadogo) wa Fischer na kwao ni hapa hapa, kusini mwa Ziwa Victoria mpaka Serengeti, hata Ukerewe wapo. Fischer alikuwa Mjerumani aliyepita huku miaka ya 1880, ndege akaandikwa kwenye sayansi 1887. Yaani hawa unaowaona kwenye vizimba vya Ulaya asili yao ni huku Usukumani na sisi tunawafukuza kwa kupiga debe 😂 Waliotoka vizimbani ni wale wa Naivasha Kenya, kule wamezaana na lavubedi wenye shingo ya njano (hao nao asili yao Tanzania) wakatoa chotara.

dada_ziwani: Kuongea sahau. Msemaji ni kasuku wa kijivu, wa misitu ya Uganda na Kongo, hawa wako kwao ni kelele tu. Na usikamate kienyeji, sheria ya wanyamapori ya 2009 inataka kibali. Miaka ya 80 walikamatwa wakasafirishwa nje kwa wingi wa kutisha, idadi ikaporomoka mpaka biashara ikasimamishwa.

mtu wa Nansio: Mkuu una mti mkavu wenye matundu karibu? Ndo wanapozalia. Jike anachuna magome ya mti anayabeba mdomoni kwenda kutengeneza kiota ndani ya tundu, halafu anaatamia wiki tatu na kidogo hivi huku dume anamletea chakula. Wanakunywa maji kila siku kwahiyo hawakai mbali na maji. Mtama weka tu watoto walinde asubuhi na jioni, ukikomaa vuna haraka.

mzee_wa_mtama: Duh, mti upo nyuma ya choo, nilitaka kuukata kuni.

mtu wa Nansio: Kata uone, watahamia kwenye matundu ya paa lako 😂