Mrejesho: Tulifika hekalu la Zhinan, Taipei, na mama mkwe

Ndugu zangu, niliuliza iwapo mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, angeweza kufika katika hekalu la Zhinan lililo kwenye mteremko wa milima ya Maokong, jijini Taipei, Taiwan, na nashukuru kwa ushauri wenu. Tuliiacha njia ya zamani yenye ngazi zipatazo 1,200, tukapanda magari ya waya yaliyoanza kazi mwaka 2007, ambayo yana kituo karibu na hekalu.

Anayeabudiwa hapo ni Lü Dongbin, mmoja wa Wanane Wasiokufa (watakatifu wanane wa dini ya Tao), ambaye watu wa huko husema huwatenganisha wapenzi kwa wivu. Mke wangu aliingia hata hivyo, na hadi leo tunakula sahani moja. Kilichomvutia mama zaidi ni vile vipande viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mwandamo, vinavyorushwa chini kuomba jibu: kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, ombi limekubaliwa. Baadaye, yeye akipumzika, sisi tulitembea katika njia za msituni kuelekea mashamba ya chai. Viatu vya ngozi, nakiri, vilikuwa kosa langu.