Naombeni ushauri: vitabu vya picha darasa la pili, watoto 87, nifanyeje?

Ticha_wa_Pangani
Habari zenu wana jukwaa, wakubwa shikamooni. Mimi nafundisha darasa la pili shule moja ya msingi huku Pangani, watoto 87, dawati moja wanabanana wanne. Majuzi tumeletewa boksi la vitabu vya hadithi vya picha, vile vyembamba, picha ukurasa mzima alafu chini mstari mmoja au miwili ya maneno. Aina ni nyingi ila kila aina nakala moja, chache ndo ziko mbili tatu. Mkuu wa shule akataka viende kabatini ofisini visije vikachanwa, nikamuomba aniachie nijaribu, kakubali ila kwa sharti, kikichanika najibu mimi.

Sasa shida zangu. Kwanza kitabu kimoja watoto 87, wa dawati la nyuma anaona nini? Pili, na hii ndo inaniumiza kichwa, kuna dogo nilimpa kitabu asome, pameandikwa "Juma anakula samaki" yeye akatiririka bila wasiwasi "Juma anakula changu" 😂 maana kweli samaki wa kwenye picha yuko kama changu na mtoto wa mvuvi hawezi akaona changu akakwambia samaki tu. Wenzangu ofisini wamecheka wakasema unaona, huyo hasomi anakisia, vitabu vya picha vinadumaza, rudi ubaoni ba be bi bo bu. Nimebaki njia panda. Mliofundisha madarasa ya chini naombeni uzoefu. Nawasilisha.

MzeeChaki
Marahaba ticha. Mi naungana na wenzako. Kiswahili si kama Kiingereza, kinasomeka kama kilivyoandikwa, mtoto akishika irabu tano na akajua konsonanti inavyoungana nazo kamaliza kazi, neno lolote utakalomuwekea atalisoma hata kama hajui maana yake. Sasa unampa picha ya nini? Ndo unamfundisha uvivu wa kutoangalia herufi. Sisi tumesoma kwa ubao na fimbo na tunasoma mpaka leo.

BintiTongoni
Mzee wangu shikamoo, kwenye silabi uko sahihi kabisa ila naona hapa tunachanganya kazi mbili. Ticha soma hii taratibu dada/kaka yangu sijui.

Kuna kitabu unachowasomea wewe na kuna kitabu anachosoma mtoto mwenyewe. Kile unachowasomea wewe kinaweza kuwa kigumu, kina maneno hajawahi kuyaona, haina shida, kazi yake ni masikio na akili: asikie sentensi ndefu, apate msamiati, ajue hadithi ina mwanzo na mwisho, ajue maneno yanatoka kwenye yale maandishi sio kwenye picha, na kwamba tunaanzia kushoto kwenda kulia. Usidharau hili, kuna watoto wanaingia la kwanza hawajawahi kushika kitabu, nyumbani kipo kimoja cha dini na kimewekwa juu hakiguswi. Hapo picha ni mali, iongeleeni mpaka mchoke.

Kile anachosoma yeye ni habari nyingine. Hicho kiwe na silabi alizokwisha kujifunza, na macho yaende kwenye herufi. Huyo wa changu hajakosea kwa sababu kitabu kina picha, kakosea kwa sababu kaacha neno kaangalia juu. Dawa yake ndogo tu, chukua bahasha ya kaki ziba picha, asome mstari kwanza, sa-ma-ki, aunganishe, alafu toa bahasha muangalie pamoja kama picha inakubaliana na alichosoma. Picha inakuja kuhakikisha, sio kutabiri. Na ukifika hapo muulize sasa huyu samaki gani, akuambie changu wake kwa raha zake, mpongeze, ila ajue changu kalitoa kichwani kwake, kwenye karatasi pana samaki.

Kuhusu 87 usijaribu kuwaonyesha wote kwa mara moja utapiga kelele bure. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, wagawe, nusu wabaki na zoezi la kuandika chini ya monita, nusu toka nao kivulini, mkungu si mnao hapo shuleni? Wakae chini nusu duara, kitabu ukishike pembeni ya bega kurasa zikiwatazama wao, wewe unasoma kwa kuchungulia, kwa hiyo lazima uwe umekisoma nyumbani kwanza. Kesho wale wengine. Na usiwe na haraka ya kubadili kitabu! Siku ya kwanza soma hadithi yote usiwakatishe, siku nyingine rudia kilekile uulize maswali ya "unadhani kwa nini", sio yale ya "Juma alikula nini" ambayo darasa zima linaitikia kama wimbo. Mkirudia tena wape wao wasimulie we unafunua kurasa tu. Utashangaa wale wakimya, hasa wanaozungumza Kidigo au Kibondei nyumbani, picha ndo inawafungua mdomo.

Mama_Dunda
Binti kamaliza. Naongezea la huku Bagamoyo. Nakala ikiwa moja tunatengeneza kitabu kikubwa sisi wenyewe, unachukua viroba vyeupe vya sembe unavipasua, unaandika kwa makapeni herufi kubwa za kuonekana mpaka mlangoni, picha unachora juu. Huku wachoraji hatukosi, si unajua tena pana chuo cha sanaa, TaSUBa, ila hata kama hujui kuchora wape watoto wa la sita wachore, tena wale wadogo wanapenda zaidi. Kiroba hakichaniki, mvua ikipita dirishani unaanika. Karatasi za manila ni nzuri ila muhula hauishi zimekuwa matambara.

Na wale wale wa la sita na la saba watumie kusomea wadogo wawili wawili mchana. Yupo la saba anasoma kwa kusuasua anaona aibu kushika kitabu cha watoto, ukimwambia nenda kamsomee mdogo wako wa la kwanza anakifanyia mazoezi kwanza, mwenyewe, bila kusukumwa.

Kijana_Muheza
Ticha kama una simu ingia African Storybook, hadithi za picha bure, Kiswahili zipo kibao na zimepangwa kwa viwango, unadownload unaprinti, hata ukitaka kubadilisha maneno yaendane na mazingira yenu inaruhusiwa. Printi blakendwaiti inatosha. Angalizo tu, uzisome mwenyewe kwanza, nyingine zimetafsiriwa Kiswahili chake kinagugumia.
Na vya kununua angalia vya hapa hapa nyumbani, Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania wapo tangu 1991 na kuna vingi vizuri. Sio mnaletewa boksi la msaada kila ukurasa theluji, mtoto wa Pangani umueleze theluji mpaka kengele inagonga.

MzeeChaki
@BintiTongoni marahaba mwanangu. Hiyo ya kuziba picha kwa bahasha nimeielewa, hapo sina ugomvi. Ila swali, mdhibiti ubora akiingia akakuta nusu ya darasa iko chini ya mkungu inasikiliza hadithi, kwenye andalio la somo umeandika nini?

BintiTongoni
Mzee unaandika kusikiliza na ufahamu wa habari, imo kwenye muhtasari wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), haujabuni. Zana: kitabu cha hadithi. Wadhibiti wengi wanafurahi kuona zana ambayo sio kizibo cha soda.

Ticha_wa_Pangani
Asanteni sana, mi ni dada 😄 Jumatatu naanza na nusu darasa, mkungu tunao. Viroba navipata kwa mama ntilie wa shule. Kimebaki kimoja, hivi vitabu vimebanwa na pini katikati na huku tuko baharini kabisa, vya mwaka juzi pini zote zimeota kutu kurasa zinadondoka, mkuu akiona nimekwisha.

Mama_Dunda
Ng'oa pini kabla hazijashika kutu mwanangu, shona katikati kwa uzi wa nyavu na sindano ya magunia, matundu matatu yanatosha, fundo ulifungie ndani. Jalada livalishe nailoni. Usivirundike kabatini, chumba kina unyevu vitaota ukungu, funga kamba ukutani vining'inie kwa vibanio vya nguo, jioni monita anahesabu.

Kijana_Muheza
Uzi wa nyavu Pangani si unauokota tu 😂