Medali ya Jajja

Baba Mkubwa: Wapendwa, habari za jioni. Matanga yamekwisha na vyombo vya Mama vimegawanywa kwa amani, lakini limebaki jambo moja, nalo ni ile medali ya Mtakatifu Kizito aliyoivaa shingoni miaka yote. Pendekezo langu ni tuikabidhi parokia, kwa sababu kitu kilichobarikiwa hakifai kuzagaa majumbani.

Binamu wa Mbale: Shikamoo, Baba Mkubwa. Kabla hatujaamua, naomba wakubwa watueleze ilitoka wapi. Sisi wajukuu tunajua tu kwamba Jajja, bibi yetu, hakupanda gari bila kuishika.

Shangazi: Marahaba, wanangu. Baba yetu aliileta kutoka Kampala mwaka 1969, Papa Paulo wa Sita alipozuru Uganda, yule yule aliyewatangaza Mashahidi wetu 22, Wakatoliki waliouawa kwa ajili ya imani yao, kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Wakati huo Baba alikuwa akifanya kazi Nytil, kiwanda cha nguo cha Jinja, na alipanda basi na waumini wenzake wa Jinja kwenda Kololo. Mama alimpenda Kizito kuliko Mashahidi wengine kwa sababu alikuwa mdogo kuliko wote, wa miaka 14 hivi, aliyebatizwa na shahidi mwenzake Karoli Lwanga usiku kule Munyonyo wakati kila mmoja alijua kwamba asubuhi italeta hukumu, na siku chache baadaye, tarehe 3 Juni 1886, akachomwa moto Namugongo. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto aliyeshika ubatizo wake namna ile hawezi kupuuza ombi la mama wa watoto.

Shangazi: Baba Mkubwa, nasema haya kwa heshima: Mama aliniagiza medali hiyo apewe Hajati.

Baba Mkubwa: Hajati wa nyumba ya nyuma hapo Walukuba? Dada yangu, nampenda Hajati, na wakati wa msiba alitupikia kana kwamba aliyefariki ni dada yake wa damu. Lakini yeye ni Mwislamu. Tukimpa sanamu ya mtakatifu, je, hatumtwishi mzigo katika dini yake?

Mimi: Baba Mkubwa, naomba niongeze nililolisikia kwa Jajja mwenyewe. Urafiki wao ulianzia kwenye medali hiyo. Iliwahi kumdondoka bombani alipokuwa akiteka maji, na wenzake wa jumuiya wakamshauri amwombe Antoni wa Padua, kama Wakatoliki wengi wafanyavyo kitu kinapopotea, lakini yeye akamwachia Kizito kazi hiyo. Hajati, ambaye walikuwa hawajawahi kuzungumza zaidi ya salamu, aliiona kwenye tope, akaisafisha, akaifunga kwenye leso na kupita nyumba kwa nyumba akiuliza ni nani amepoteza kitu cha dini yake. Ukiitazama leo utaona kile kitundu cha juu kimelika upande mmoja, na pete inayokishika si ya dukani: ni waya mwembamba wa shaba uliosokotwa mara mbili, ambao mume wa Hajati, fundi wa mota, aliutoa kwenye mota mbovu ili medali isidondoke tena.

Shangazi: Na mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka na Wanubi wengi, jamii ya Hajati iliyohusishwa na utawala huo, wakalipiziwa kisasi kwa makosa ambayo hawakuyatenda, Hajati na wanawe walilala chumbani kwa Mama, sisi watoto tukalala jikoni. Waliokuja kuwatafuta, Mama aliwajibu mlangoni, medali ikiwa mkononi, kwamba nyumba hiyo ina watoto wake tu. Mimi niliyasikia maneno hayo. Hajati naye ndiye aliyemweleza Mama kwamba Namugongo, miaka kumi hivi kabla ya Kizito, waliuawa pia Waislamu wapatao 70 kwa amri ya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, kwa kuwa walikataa kula nyama ya mfalme na kuswali nyuma yake. Tangu siku hiyo Mama hakurudi kutoka hija ya Juni ya Namugongo bila kumwambia Hajati kwamba amewaombea na wale wake.

Baba Mkubwa: Hayo ya Namugongo sikuyajua. Hata hivyo, naomba Hajati aulizwe kwanza. Tusimwamulie.

*Shangazi amemwongeza Binti wa Hajati*

Binti wa Hajati: Asalaam alaikum, na poleni tena kwa msiba. Nimemsomea Mama maneno yenu yote, naye amenituma niandike hivi. Hawezi kuivaa wala kuitundika ukutani, na rafiki yake alilijua hilo vizuri, kwa hiyo hadhani kwamba alipewa kwa ajili hiyo. Ataipokea kama amana. Ataiweka kwenye sanduku lake pamoja na kanga alizopewa na marehemu, na mtoto mdogo wa ukoo wenu atakapofika siku ya Komunyo ya kwanza, atakuja kumkabidhi mwenyewe, na akiwa hana nguvu nitakuja mimi. Anaomba jambo moja tu, kwamba waya wa mumewe usibadilishwe.

Baba Mkubwa: Wa alaikum salaam, binti yangu. Mwambie Hajati nimekubali kwa moyo wote. Waya hautaguswa.

Binamu wa Mbale: Mtoto mdogo ni huyu wangu, ambaye ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Hajati atapaswa kuishi miaka mingi, inshallah.

Binti wa Hajati: Amesikia. Amesema amina.

Shangazi: Basi Jumapili baada ya Misa ya pili nitampelekea. Baba Mkubwa, ningependa tuende pamoja.

Baba Mkubwa: Tutakwenda. Nitakuja na sukari na majani ya chai.