Naomba ushauri: baba ana miaka 66, bado anataka kufanya kazi

Habari zenu ndugu zangu. Baba yangu ni fundi seremala, tunaishi Morogoro. Mikono bado ina nguvu, randa anaishika vizuri kuliko mimi. Yeye na wazee wenzake wanne wanataka kufungua karakana ndogo, wafundishe na vijana wa mtaani.

Tatizo ni mtaji. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mzee wa kiume mwenye afya yake hayumo. Jambo hili linaniuma, maana Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003, na inamtambua mzee kuwa hazina. Zanzibar angalau wenye miaka 70 wanapata pensheni jamii tangu 2016. Huku bara baba hana hata hiyo.

Je, kuna aliyewahi kusajili kikundi cha wazee? Mlipitia baraza la wazee la kata, au kwa afisa maendeleo ya jamii? Au tuwaingize vijana kama wanachama? Naogopa wazee watasukumwa pembeni.